Xfce 4.20 kwenye Debian 13: eneokazi tulivu, ukijua linapokwama

Ukitaka eneokazi ambalo ukilipanga leo utalikuta vilevile mwaka kesho, Xfce inastahili kutajwa kwanza. Olivier Fourdan aliuanzisha mradi huu mwaka 1996, na mpaka leo hauna haraka. Toleo la 4.18 lilitoka tarehe 15 Desemba 2022, na la 4.20 likafuata tarehe 15 Desemba 2024, miaka miwili kamili baadaye. Debian 13, toleo la mfumo endeshi wa Linux lenye jina la Trixie, ilitolewa tarehe 9 Agosti 2025 ikiwa na hilo la 4.20, na itakaa nalo mpaka Debian 14 ije. Ninachopima hapa ni hiyo jozi, kwa anayesakinisha upya na kwa anayetoka Debian 12. Eneokazi lenyewe ni zuri sana. Usumbufu karibu wote unatokea pembeni yake: kwenye mtandao, sauti, kufunga skrini, na kwa watu wanaosasisha kwa pupa.

Kuna njia tatu za kuiingiza, na tofauti zake utaziona kwenye bando. Njia kamili, kwa apt, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, ni hii:

sudo apt install task-xfce-desktop

Hii inakuletea kila kitu, pamoja na Firefox ESR na LibreOffice. Kwa mtu anayetaka kompyuta ya kazi, asiyetaka kuhangaika, ndiyo ya kuchagua. Njia ya kati ni `sudo apt install xfce4 xfce4-goodies`: unapata eneokazi na vikorombwezo vyake (menyu ya Whisker, programu ya kupiga picha ya skrini, Mousepad ya kuandikia) bila programu za ofisi. Njia ya tatu ni kuongeza `--no-install-recommends`, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kwenye Debian, kifurushi cha `xfce4` kinaihesabu `xorg` kama pendekezo tu, si hitaji. Ukikataa mapendekezo, unabaki na eneokazi lisilo na seva ya picha ya kulionyesha. Unaandika `startxfce4`, halafu hakuna kinachotokea zaidi ya mstari wa kosa. Anayetaka njia hii nyembamba aorodheshe mwenyewe anachohitaji:

sudo apt install --no-install-recommends xfce4 xorg lightdm lightdm-gtk-greeter thunar-volman gvfs gvfs-backends xfce4-notifyd xfce4-power-manager xfce4-terminal network-manager-gnome mate-polkit

Kila jina hapo lina kazi yake. Bila `gvfs`, Thunar, programu ya Xfce ya kusimamia faili, haitakuonyesha flashi uliyochomeka wala folda ya takataka. Bila `mate-polkit` au mwenzake, programu inayohitaji idhini ya msimamizi haitakuletea kidirisha cha nenosiri, itakataa kimyakimya. Bila `xfce4-notifyd` hakuna taarifa yoyote itakayojitokeza, hata ile ya betri kwisha. Kabla ya kukubali, apt hukuonyesha ukubwa wa kupakua na nafasi itakayotumika kwenye diski. Soma namba hizo mbili kabla ya kubonyeza Y, hasa kama bando lako linahesabika.

Kuhusu mashine: RAM ya GB 4 inaiendesha Xfce vizuri pamoja na kivinjari chenye vichupo vichache. Kwa GB 2 eneokazi lenyewe bado ni jepesi, lakini kivinjari ndicho kitakachokubana, na hakuna eneokazi litakalokuokoa na hilo.

Sasa matatizo ya siku ya kwanza. La kwanza ni `sudo`, amri inayokupa mamlaka ya msimamizi. Kisakinishi cha Debian kikikuuliza nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu, nawe ukaliweka, mtumiaji wako wa kawaida hatapewa sudo. Ingia kwa `su -`, endesha `apt install sudo` kama haipo, kisha `adduser jina sudo`, halafu utoke kabisa na uingie upya. Uanachama wa kundi hausomwi katikati ya kikao. La pili ni mtandao, na hili ninalitilia mkazo kwa sababu linawakatisha tamaa watu wengi kuliko yote. Ukisakinisha Debian tupu kwanza, bila eneokazi, kisha ukaongeza Xfce baadaye, kisakinishi kinakuwa kimeshauandika mtandao wako kwenye `/etc/network/interfaces`. NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye eneokazi, ina sheria moja: kifaa kilichotajwa humo haikigusi. Matokeo yake intaneti inafanya kazi, lakini ikoni ya mtandao kwenye paneli inasema kifaa hakisimamiwi, na huwezi kubadili Wi-Fi. Ukiandika `nmcli device` utaona neno `unmanaged` mbele ya jina la kifaa. Fungua faili, utakuta mistari kama hii:

allow-hotplug enp2s0
iface enp2s0 inet dhcp

Weka alama ya # mwanzoni mwa kila mstari wa kifaa hicho. Kama ni Wi-Fi utakuta pia mstari wenye nenosiri lako wazi kabisa, nao ufute. Mistari miwili ya `lo` iache. Washa upya kompyuta, chagua mtandao kwenye ikoni, na suala limekwisha. Aliyechagua Xfce ndani ya kisakinishi chenyewe hakutani na hili, maana kisakinishi humwachia NetworkManager kazi tangu mwanzo.

Skrini ya kuingilia ya LightDM inafanya kazi yake bila mapambo. Debian imeizuia isionyeshe orodha ya watumiaji, hivyo unaandika jina lako kila mara. Kwenye kompyuta ya familia hilo linachosha. Liondoe kwa kuweka mistari hii kwenye `/etc/lightdm/lightdm.conf`:

[Seat:*]
greeter-hide-users=false

Kama GNOME, eneokazi jingine, ilikuwapo tayari, usakinishaji utakuuliza uchague kati ya gdm3, skrini yake ya kuingilia, na lightdm. Chagua moja tu. Ukijutia, `sudo dpkg-reconfigure lightdm` inakurudisha kwenye swali lilelile. Na kuwa na maeneokazi mawili kwenye akaunti moja ni jambo nisilolishauri: menyu zinajaa programu mbilimbili, mandhari na ikoni zinaingiliana, na kuliondoa moja baadaye si kazi ya amri moja. `apt remove xfce4` huondoa kifurushi cha juu tu. Vilivyo chini yake vinabaki mpaka `apt autoremove`, na amri hiyo ni lazima uisome orodha yake mstari kwa mstari kabla ya kukubali.

Sauti inataka uangalifu kidogo. Kitufe cha sauti kwenye paneli, `xfce4-pulseaudio-plugin`, huongea na seva ya sauti, iwe PulseAudio au PipeWire iliyovaa sura ya PulseAudio, kwa hiyo hakijali uko wapi. Wewe ndiye unayepaswa kujua. Andika `pactl info` na usome jina la seva. Spika za Bluetooth zikikataa kuunganishwa ingawa `blueman`, programu ya Bluetooth, inaziona, kinachokosekana ni kifurushi cha upande huo: `libspa-0.2-bluetooth` kama ni PipeWire, `pulseaudio-module-bluetooth` kama ni PulseAudio. Usiweke vyote viwili ukitumaini kimojawapo kitashika.

Baada ya hapo raha inaanza. Thunar ya leo si ile ya zamani: bonyeza F3 na dirisha linagawanyika mara mbili, folda ya flashi kushoto na ya nyaraka kulia, unaburuta faili kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukikosea kuhamisha, Ctrl+Z inarudisha. Utafutaji unaingia mpaka ndani ya folda za ndani. Hayo mawili ya mwisho yalikuja na 4.18, na 4.20 imeyakomaza. Paneli unaipanga unavyotaka. Bofya kulia na kila kitu kipo hapo, hakuna nyongeza ya kutafuta mtandaoni itakayovunjika kwenye toleo lijalo. Hili la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi: vipande vya paneli vinakuja kama vifurushi vya Debian, vinasasishwa pamoja na eneokazi.

Kwenye baadhi ya kadi za picha, video zinazocheza zinaonekana kama zimekatwa kwa mstari wa mlalo unaotembea kwenye skrini. Xfwm4, programu ya Xfce inayosimamia madirisha, ina dawa yake tangu 4.14:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/vblank_mode -s glx

Kisha `xfwm4 --replace &`. Ikiwa madirisha yanaanza kukwama badala ya kutulia, jaribu `xpresent` mahali pa `glx`. Kwenye mashine dhaifu sana, kuzima kabisa vivuli na uwazi kupitia `xfwm4-tweaks-settings` kunaleta nafuu inayoonekana.

Kufunga skrini ndilo doa. Ukikuta `light-locker`, programu ya kufunga skrini, kwenye mashine yako (angalia kwa `dpkg -l light-locker`), kuna uwezekano kwamba ukifunga kifuniko cha laptopu kisha ukakifungua, utakaribishwa na skrini nyeusi. Kompyuta iko hai, ila umeonyeshwa terminali isiyo sahihi. Ctrl+Alt+F7 mara nyingi inakurudisha kwenye kikao chako. Usikimbilie kuzima kwa kitufe cha umeme. Dawa ya kudumu ni kuiondoa na kuweka `xfce4-screensaver`, kisha ufungue mipangilio ya umeme na uhakikishe programu moja tu ndiyo iliyopewa kazi ya kufunga skrini. Zikiwa mbili zinapokonyana, na ni skrini nyeusi tena.

Na Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha badala ya X11 ya zamani? Toleo la 4.20 lilikuja na uwezo huo kwa majaribio. Sehemu nyingi za Xfce zimehamishwa, lakini xfwm4 yenyewe bado haijahamia, kwa hiyo unapoandika `startxfce4 --wayland` madirisha yanasimamiwa na programu nyingine, labwc. Ni kazi nzuri ya waandaaji na inafaa kuonjwa jioni moja. Kwa kazi za kila siku, baki na X11.

Tuje kwenye kusasisha, ambako Debian na Xfce zinapata alama zao za juu. Ndani ya Debian 13, `sudo apt update` na `sudo apt upgrade` zinakuletea marekebisho ya usalama na ya hitilafu tu. Sura ya eneokazi haibadiliki asubuhi moja bila wewe kuomba. Safari kubwa ni ya kutoka Debian 12, na ina mpangilio wake.

Kwanza kabisa, angalia aina ya kompyuta. Debian 13 haina tena kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) kwa kompyuta za biti 32 za i386. Andika `dpkg --print-architecture`. Ikijibu `i386` na kichakataji hakiwezi biti 64, usiguse chochote. Debian 12 itaendelea kupata marekebisho ya muda mrefu hadi Juni 2028, na hiyo ni heshima ya kutosha kwa mashine ya zamani. Kama kichakataji ni cha biti 64 lakini mfumo ni wa i386, sakinisha upya, usijaribu kuugeuza.

Pili, nafasi. `df -h` ikuonyeshe GB kadhaa zilizo wazi kwenye `/`. Kama `/boot` ni sehemu ya peke yake, iwe na ukubwa wa angalau MB 768 na MB 300 hivi ziwe wazi, maana kerneli mpya na faili yake ya kuanzia vinajibana humo. `/boot` ikijaa katikati ya kazi, usasishaji unasimama na kerneli nusu.

Tatu, nakala. Zaidi ya nyaraka zako, hifadhi mipangilio ya eneokazi:

tar czf ~/xfce-nakala.tar.gz ~/.config/xfce4 ~/.config/Thunar

Isasishe Debian 12 mpaka mwisho, angalia `apt-mark showhold` kama kuna kifurushi kilichozuiwa, na uzime hazina zote za nje (vyanzo vya vifurushi visivyo vya Debian) zilizo kwenye `/etc/apt/sources.list.d/`. Kisha `/etc/apt/sources.list` iwe hivi:

deb http://deb.debian.org/debian trixie main non-free-firmware
deb http://security.debian.org/debian-security trixie-security main non-free-firmware
deb http://deb.debian.org/debian trixie-updates main non-free-firmware

Neno `non-free-firmware` usilisahau. Bila hilo, fimuwea (programu inayoendesha kifaa chenyewe) ya kadi nyingi za Wi-Fi haisasishwi, na laptopu isiyo na tundu la waya inabaki kisiwani.

Sasa ushauri kwa wanaokatiwa umeme na wanaonunua intaneti kwa MB: tenganisha kupakua na kusakinisha. Kwa kompyuta yenye LibreOffice na kivinjari, upakuaji mara nyingi huzidi GB 1. Uufanye usiku kama bando la usiku ni nafuu:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade --download-only

Ukikatika, rudia; vilivyokwisha kupakuliwa havipakuliwi tena, vimekaa `/var/cache/apt/archives`. Kwa maabara ya shule au ofisi yenye kompyuta kumi, weka `apt-cacher-ng`, programu inayohifadhi vifurushi vilivyopakuliwa, kwenye moja, na kwenye nyingine andika faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy` yenye mstari mmoja, ukibadili anwani iwe ya kwako:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Kila kifurushi kinapakuliwa mara moja tu kwa kompyuta zote. Hakikisha anwani za hazina zinaanza na http, kwa sababu za https hazihifadhiwi kwa mtindo huo. Saini za Debian ndizo zinazolinda vifurushi, si njia vinapopitia. Jambo dogo ambalo watu hawalijui: `apt` hufuta faili za .deb baada ya kusakinisha, lakini `apt-get` huziacha. Anayetaka kuzibeba kwenye flashi atumie `apt-get`.

Siku ya kusakinisha, betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, toka kwenye eneokazi. Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako, na uendeshe huko:

sudo apt upgrade --without-new-pkgs
sudo apt full-upgrade

Sababu ya kutoka ni nzito: ndani ya terminali ya Xfce, skrini ikijifunga katikati ya kazi huku programu ya kufunga yenyewe ikibadilishwa, huenda usiweze kuifungua. Amri ya pili ikionyesha orodha ya vitakavyoondolewa, itazame. Ukiona `xfce4-session`, `xfwm4` au `lightdm` humo, sema hapana na utafute hazina ya nje iliyosahaulika. Ukiulizwa kuhusu faili ya mipangilio uliyoibadilisha, bonyeza N kubaki na yako. Toleo jipya huwekwa pembeni kwa mwisho wa `.dpkg-dist`.

Umeme ukikatika hapo hapo, usisakinishe upya. Washa, ingia kwenye terminali, na:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt full-upgrade

Kwa mpangilio huo. Amri ya kwanza inamalizia vifurushi vilivyofunguliwa bila kupangwa, na ndiyo inayotatua sehemu kubwa.

Baada ya kuwasha upya, 4.20 inaisoma mipangilio ya 4.18 bila manung'uniko. Paneli ikitoweka au ikija na kipande kilichokufa, wengi hufuta faili ya XML huku eneokazi likiwa wazi, kisha wanashangaa inarudi vilevile. Sababu ni xfconfd, programu ya Xfce inayotunza mipangilio: huyu ameshika mipangilio kwenye kumbukumbu na anaiandika tena juu ya ufutaji wako. Mzime kwanza:

xfce4-panel --quit
pkill xfconfd
mv ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/xfce4-panel.xml ~/
xfce4-panel &

Paneli ya kiwandani inarudi, na ile ya zamani bado unayo nyumbani. Ukiingiza nenosiri sahihi lakini LightDM ikakurudisha palepale, mambo ni mawili kwa kawaida: diski imejaa (`df -h`), au faili ya `.Xauthority` imekuwa ya root baada ya kuendesha programu ya picha kwa sudo. `ls -l ~/.Xauthority` inakuambia, na `sudo chown $USER: ~/.Xauthority` inaponya. Kisichoeleweka bado kiko kwenye `~/.xsession-errors`.

Badiliko moja la Debian 13 linawashtua watu na si kosa la Xfce: `/tmp` sasa inakaa kwenye RAM, hadi nusu yake. Faili ulizoziweka humo zinapotea ukizima, na kwenye mashine ya GB 2 picha moja ya diski inaweza kuijaza. Anayetaka desturi ya zamani aandike `sudo systemctl mask tmp.mount` na kuwasha upya.

Kundi moja ningelielekeza kwingine: wenye laptopu ya skrini ya vitone vingi iliyounganishwa na skrini ya nje ya kawaida. Chini ya X11, Xfce hukuza vitu kwa kipimo kimoja kwa skrini zote. Kwa skrini moja, kuweka DPI (vitone kwa inchi) ya 120 au 144 kwenye `xfce4-appearance-settings` kunatosha na maandishi yanabaki makali, makali kuliko ukikuza kwa sehemu kupitia mipangilio ya skrini. Kwa skrini mbili zisizolingana, KDE Plasma 6.3, eneokazi jingine lililo kwenye Debian 13 hiyohiyo, inaifanya kazi hiyo vizuri: `sudo apt install task-kde-desktop`, na bando lingine la kutosha.